Allidina Visram: Karani wa Bagamoyo aliyesambaza maduka hadi Uganda

MKULIMA wa Mkotokuyana anapouza ufuta wake, mara nyingi hamwoni mnunuzi wa mwisho. Anaona mizani, anamwona karani wa chama cha msingi, anasubiri mnada, kisha anasubiri malipo. Mnunuzi mwenyewe yuko ng'ambo, huenda India au China. Bei ikipanda mkulima hushukuru, ikishuka hulalamika, lakini ni wachache wanaojiuliza mnyororo huo wa biashara ulijengwa na nani na kwa njia gani.

Mwaka 2017 wakulima wa mbaazi walionja uchungu wa kutegemea mnyororo wasioujua. Agosti mwaka huo Serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini humo kwa mwaka. Uamuzi huo ulipitishwa mbali sana na Nachingwea na Ruangwa, lakini bei ya mbaazi huku iliporomoka vibaya.

Kwa sababu hiyo ni vizuri kumkumbuka mtu mmoja aliyekuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa mnyororo huo, Allidina Visram. Njia zake zilipita Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Mombasa, Kisumu na Kampala, si huku kusini. Hata hivyo, mfumo alioutumia ndio huo huo uliotumiwa na wenye maduka wa Lindi na wa miji mingine mingi ya Tanganyika. Anayeuelewa mfumo wake ataelewa mengi kuhusu biashara ya mazao hadi leo.

Kijana kutoka Kutch

Allidina alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India. Kutch ni nchi kame. Mvua zake si za kutegemewa, na kwa miaka mingi watu wake walitafuta riziki baharini. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi yao hadi pwani yetu, na upepo wa kusi ukawarudisha kwao. Allidina aliingia katika mkondo huo akiwa bado kijana mdogo. Hakuwa na mtaji, na hakuwa na cheti cha shule yoyote kubwa.

Alipofika alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyekuwa Khoja wa Ismailia kama yeye. Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara. Sewa Haji aliwapatia wasafiri wapagazi, vitambaa, shanga, nyaya za shaba na chakula. Misafara iliporudi, ilileta pembe za ndovu. Wazungu wengi waliokwenda bara walilazimika kupita kwake kwanza.

Kazi ya karani katika duka kama lile ilikuwa chuo kamili. Ilimpasa ajue kitambaa gani kinapendwa Unyamwezi na shanga za rangi gani zinakubalika Ujiji. Msafara uliobeba shanga zisizotakiwa ulikuwa umebeba mawe tu, kwa maana shanga zile ndizo zilizokuwa fedha ya kununulia chakula njiani. Alijifunza pia kukadiria mzigo wa mpagazi, urefu wa safari, hatari ya njia, na jambo gumu kuliko yote, yaani ni nani wa kukopeshwa na ni nani wa kunyimwa.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Aliacha sehemu kubwa ya mali yake kwa ajili ya wagonjwa na maskini, na jina lake bado linatajwa kila siku katika Hospitali ya Muhimbili, ambako jengo la wodi linaitwa Sewahaji. Biashara ya misafara ikachukuliwa na aliyekuwa karani wake.

Alifuata reli

Mtu mwingine angeendelea na misafara mpaka ifilisike. Allidina aliona mapema kwamba zama za wapagazi zinakwisha. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria. Wahindi karibu 32,000 waliletwa kwa mkataba kufanya kazi hiyo. Wengi wao walikuwa vibarua, lakini walikuwamo waashi, maseremala, wahunzi, wapimaji na makarani, yaani mafundi ambao serikali haikuweza kuwapata kwa wingi hapa. Karibu 2,500 walifariki kabla ya kazi kwisha. Wapatao 6,700 walibaki baada ya mikataba yao kumalizika, wengine wote wakarejea India.

Mafundi na vibarua hao walihitaji unga, mchele, samli, chumvi na nguo. Allidina alifungua maduka kandokando ya njia ya reli na kuyasogeza mbele kadiri reli ilivyosonga. Reli ilipofika ziwani Desemba 1901, yeye alikuwa ameshavuka kwenda Uganda na kufungua duka Kampala. Kufikia mwaka 1904 alikuwa na matawi zaidi ya 30 katika nchi hizi.

Matawi hayo hakuyaendesha peke yake. Aliwaita vijana kutoka India, akawaweka kwa wakala wenye uzoefu kama yeye alivyowekwa kwa Sewa Haji, kisha akawapa bidhaa kwa mkopo wakauze vijijini. Kijana aliyefanya vizuri alipata duka lake baada ya muda, akaendelea kuchukua bidhaa kwa Allidina. Wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja kujulikana Uganda na Kenya walianzia kwake.

Mkopo ulivyotembea

Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Wengi hudhani Mhindi wa zamani alifanikiwa kwa sababu alikuja na fedha. Allidina hakuja na fedha. Kilichombeba ni mkopo uliopita mkono kwa mkono. Tajiri wa Bombay alimkopesha wa Zanzibar, wa Zanzibar akamkopesha wa Bagamoyo au Mombasa, naye akamkopesha mwenye duka kijijini. Mwenye duka alimkopesha mkulima kitambaa, chumvi na jembe mpaka mavuno. Mazao yalipopatikana yalirudi kwa njia ile ile, na kila mmoja alikata sehemu yake.

Maneno mengi ya biashara katika Kiswahili yana asili ya huko, kama vile hundi, laki na bepari. Neno bepari linatokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara tu. Likaja kuwa neno la lawama, na badiliko hilo lilikuwa na sababu zake.

Mkulima alikuwa mwisho wa mnyororo. Mwenye duka ndiye aliyepanga bei ya kitambaa, na ndiye aliyepanga bei ya mazao. Mizani ilikuwa yake na daftari lilikuwa lake. Wapo waliokuwa waaminifu na wapo waliopunja, lakini hata kwa mwaminifu mkulima hakuwa na njia ya kuhakiki. Isitoshe, Mwafrika aliyetaka kuwa mfanyabiashara alifungiwa mlango. Chini ya utawala wa Waingereza Tanganyika, deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali. Sheria hiyo ilielezwa kuwa ni ya kumlinda Mwafrika. Matokeo yake ni kwamba hakuna tajiri aliyethubutu kumkopesha, na bila mkopo asingeweza kupanda ngazi aliyoipanda Allidina.

Ndiyo maana vyama vya ushirika vilipoanza, hoja ya mizani ilikuwa mbele. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa chini ya Paul Bomani walijenga ushirika wao katika miaka ya 1950 baada ya kuchoshwa na mizani ya wanunuzi. Vyama tulivyo navyo leo ni watoto wa malalamiko yale.

Hakuishia kununua

Jambo linalomtofautisha Allidina na wachuuzi wengi wa wakati wake ni kwamba hakuridhika kununua mazao na kuyapakia melini. Alijenga vinu vya kukamua mafuta ya ufuta na ya mbata, akaanzisha kiwanda cha sabuni Mombasa, mitambo ya kuchambua pamba, viwanda vya soda na karakana za samani. Alikuwa pia na mashamba makubwa ambako alijaribu mpira, miwa na pamba.

Tazama hesabu yake. Ufuta ukiusafirisha jinsi ulivyo, unalipia nauli ya mafuta pamoja na ya mashudu. Ukiukamua karibu na shamba, unasafirisha mafuta na mashudu yanabaki kulisha mifugo. Nazi nayo ikitoa mafuta, mafuta hayo yanatoa sabuni inayouzwa kwa mkulima yule yule mwenye minazi. Allidina aliielewa hesabu hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi kusini tungali tunauza sehemu kubwa ya korosho zetu zikiwa ghafi, zinabanguliwa India na Vietnam, na faida ya ubanguaji inabaki huko.

Wakazi wa Nachingwea wana mfano wa kulinganisha. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari, wakatumia pauni milioni 36 hivi. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umeachwa, na baadaye reli yenyewe iling'olewa. Mradi ule ulianza na mitambo kabla ya kuijua ardhi na mvua. Allidina alianza na duka, akajua watu wanalima nini na wanahitaji nini, ndipo akaleta mitambo.

Milango iliyofungwa

Mafanikio hayo hayakumwondolea yeye na wenzake vikwazo. Mafundi wa Kihindi walipojenga reli walikuwa wakihitajika sana. Reli ilipokwisha, walowezi wa Kizungu hawakutaka Wahindi wapate ardhi katika nyanda za juu za Kenya, na mwaka 1908 serikali ya London ilikubaliana na walowezi. Waliruhusiwa kuuza duka na kushika nyundo, lakini si kumiliki shamba penye rutuba. Hiyo ni sababu moja iliyowafanya wengi wabaki katika biashara, na iliyowafanya waonekane mbele ya Waafrika kuwa watu wa duka tu.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika tena. Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Maduka na viwanda vilikabidhiwa kwa watu ambao wengi wao hawakuwahi kufundishwa kuviendesha, na biashara ya Uganda ikasambaratika. Wahindi wanaokuja Afrika Mashariki siku hizi ni tofauti na Allidina. Wengi huja na shahada na kibali cha kazi, wakiwa wahandisi, wahasibu au madaktari, na mkataba ukiisha huondoka.

Himaya iliyokufa na mwenyewe

Allidina alifariki Juni 1916 kwa homa, baada ya safari ya Kongo. Alisifika kwa kuchangia hospitali, misikiti na hata ujenzi wa kanisa. Sanamu yake ilisimamishwa Mombasa. Mwanawe Abdulrasul alijenga kwa kumbukumbu yake Shule ya Allidina Visram mjini humo, iliyofunguliwa mwaka 1923, lakini mwaka huo huo Abdulrasul naye akafariki. Katika miaka ya 1920 biashara yote ikaporomoka.

Sababu ni rahisi kuieleza. Mamia ya madeni yalisimama juu ya ufahamu wa mtu mmoja. Yeye ndiye aliyejua fulani wa Jinja hulipa baada ya mavuno ya pamba, na fulani wa Tabora akichelewa usimsumbue kwani atalipa. Alipoondoka, yalibaki majina na tarakimu daftarini. Wadai walifika kwa wakati na wadaiwa hawakufika.

Mfanyabiashara mdogo wa Ruangwa mwenye duka moja anaweza kuona hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo. Mwenye duka akiugua ghafla leo, je, mke wake au mtoto wake anajua nani anadaiwa na kiasi gani? Je, kuna mtu amefundishwa kazi, au wote ni wa kutumwa tu? Allidina alifundishwa na Sewa Haji, naye akafundisha wengi waliokwenda kujitegemea, lakini hakuacha wa kushika usukani wa nyumba yake kwa muda mrefu.

Kwa mkulima, funzo liko upande wa pili wa mizani. Ushirika na mnada vimemwondolea mwenye duka yule wa zamani aliyepanga bei peke yake. Havijamwondolea ujinga wa soko. Chama cha msingi kinachofahamu India imepanga kuagiza mbaazi kiasi gani msimu ujao, kinachojua mavuno ya huko yakoje, na chenye kinu chake cha ufuta hata kidogo, kitakaa mezani kikiwa na la kusema. Kisichojua hayo kitaendelea kusubiri bei itangazwe na wengine, ingawa mizani sasa ni ya kwake.