Padre Adam Schall na Kalenda ya Kaisari

Katika kalenda za ukutani za Malaysia na Singapore, kisanduku cha siku moja huweza kubeba tarehe tatu: ile ya serikali yenye sikukuu za taifa, ya Kiislamu na ya Kichina. Mwaka wa Kiislamu una miezi 12 ya mwandamo, siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote. Wachina nao hufuata mwezi bila kuliacha jua: katika miaka 19 huongeza miezi 7 ya nyongeza, ili mwaka mpya usihame majira yake. Nasi tusijione tuko mbali na hayo, kwa kuwa Pasaka yetu huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake.

Hesabu hizi ziliwahi kumfikisha padre mmoja karibu kabisa na kifo.

Johann Adam Schall von Bell alizaliwa Köln, Ujerumani, katika familia ya kikabaila. Alipelekwa Roma kusoma katika seminari ya Wajerumani, na mwaka 1611 akajiunga na Shirika la Yesu. Roma ya wakati ule ilikuwa na Wajesuiti waliobobea katika falaki. Kalenda mpya ya Papa Gregori XIII ilikuwa na umri wa miaka 29 tu, na Padre Christopher Clavius, aliyeifanyia kazi kubwa, alikuwa bado hai. Mwaka 1618 Schall alipanda meli Lisbon. Mwaka uliofuata alifika Macau, na mwaka 1623 aliingia Beijing.

China tayari ilikuwa na wataalamu wa anga. Tangu enzi za Wamongolia, wanafalaki Waislamu walikuwa na ofisi yao katika makao ya Kaisari, wakifanya kazi kwa majedwali yaliyotoka Uajemi na nchi za Waarabu, kando ya wataalamu wa Kichina. Kutoa kalenda ilikuwa haki ya Kaisari peke yake, kwani alihesabiwa kuwa Mwana wa Mbingu. Kalenda ikikosea saa ya kupatwa kwa jua, watu walianza kujiuliza kama Mbingu bado iko naye.

Mwezi Juni 1629 jua lilipatwa. Wachina walikuwa wametabiri kwa njia yao, Waislamu kwa yao, na waziri Mkristo Xu Guangqi, aliyebatizwa kwa jina la Paulo, kwa njia ya Wajesuiti. Hesabu ya Xu ndiyo iliyokuwa sahihi. Kaisari akaamuru kalenda itengenezwe upya. Padre Johann Schreck alipofariki mwaka 1630, Schall aliitwa kutoka Xi'an kushika nafasi yake. Kwa miaka kadhaa yeye na Padre Giacomo Rho waliandika na kutafsiri vitabu vya hesabu na falaki, wakisaidiwa na wasomi wa Kichina. Kazi ilipokamilika, wakubwa waliivuta miguu.

Mwaka 1644 utawala wa Ming ulianguka. Waasi waliingia Beijing, kisha Wamanchu wakawafukuza. Schall hakukimbia. Aliwaonyesha watawala wapya kazi yake, na tarehe 1 Septemba mwaka huo jua lilipopatwa, utabiri wake ulitimia. Wamanchu wakaipokea kalenda yake na kumfanya mkuu wa Idara ya Falaki. Kaisari kijana Shunzhi alimpenda mno, akawa anamwita babu kwa Kimanchu, na hata kwenda kumtembelea nyumbani.

Cheo hicho kilimletea maadui, na si wapagani peke yao. Wajesuiti wenzake kadhaa walimshtaki hadi Roma, kwa sababu kalenda ya serikali ilitaja pia siku za bahati na za nuksi. Je, padre anaweza kusimamia ofisi inayotoa maandishi kama hayo? Swali hilo halikuwa la kijinga. Schall alijibu kwamba kazi yake ni hesabu za nyota, na mwishowe Roma ilimruhusu kuendelea. Ofisi ya Waislamu nayo ilifungwa, na mwanafalaki wao Wu Mingxuan hakulisahau hilo.

Shunzhi alikufa kwa ndui mwaka 1661, akimwacha Kangxi, mtoto mdogo, chini ya walezi wanne. Mwaka 1664 msomi Yang Guangxian alimshtaki Schall kwa uhaini, kwa mafundisho ya uongo, na kwa kuchagua saa mbaya ya kumzika mwana wa Kaisari. Wakati huo mzee alikuwa amepigwa na kiharusi na hakuweza kusema vizuri. Padre Ferdinand Verbiest alisimama mahakamani kumsemea. Hukumu ikawa kifo cha kukatwa vipande vipande.

Ndipo tetemeko la ardhi likaitikisa Beijing, Aprili 1665. Wakuu waliogopa, na Schall akaachiliwa. Lakini wanafalaki watano Wachina, Wakristo waliofanya kazi chini yake, walikatwa vichwa. Wengi wetu tunalijua jina la Schall, lakini Li Zubai na wenzake wanne hatuwataji.

Mwaka huohuo Schall aliwaungamia ndugu zake wa shirika makosa yake kama mtawa na kuwaomba msamaha, wakiwemo wale waliomshtaki. Alifariki tarehe 15 Agosti 1666, Sherehe ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, akiwa bado amevuliwa heshima zake zote.

Yang na Wu walishika Idara ya Falaki. Mwishoni mwa mwaka 1668 Kangxi, aliyekuwa na miaka 14, aliamuru wapimwe pamoja na Verbiest: nani angetaja mapema urefu wa kivuli cha nguzo saa sita mchana? Verbiest alipatia. Kalenda ya mwaka uliofuata ilikutwa na mwezi mzima wa nyongeza usiostahili, nao ukafutwa. Yang alifukuzwa, Schall akarudishiwa vyeo vyake, na Kaisari akagharamia mazishi ya heshima. Kaburi lake lipo Beijing mpaka leo, karibu na la Matteo Ricci na la Verbiest, ndani ya uwanja wa chuo kinachofundisha maofisa wa chama tawala.