Dakta Babcock na Kipimo cha Haki

Chama Kikuu chetu kinapotimiza miaka 10, tumeona yafaa kuwaletea wanachama habari za maisha ya mtu mmoja wa ng'ambo. Kazi yake yahusu jambo ambalo ndilo moyo wa ushirika, yaani kila mtu alipwe kwa kadiri ya mali aliyoileta.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison, Marekani, idara ya kilimo ina banda kubwa la maonyesho ya mifugo lililojengwa mwaka 1909. Lilijengwa ili wanafunzi na wakulima wajifunze kumpima ng'ombe kwa macho: mgongo wake, miguu yake na kiwele chake. Lakini jicho haliyaoni yaliyomo ndani ya maziwa. Kwa sababu hiyo ipo katika chuo hicho nyumba nyingine, ya elimu ya maziwa, nayo imepewa jina la Babcock.

Stephen Moulton Babcock alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1843, katika shamba huko Bridgewater, jimbo la New York. Alisoma kemia, akaenda hata Göttingen, Ujerumani, alikopata shahada ya udaktari mwaka 1879. Baada ya kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha New York, alihamia Wisconsin.

Huko alikuta manung'uniko mengi. Viwanda vya siagi na jibini vilinunua maziwa kwa uzito tu. Aliyetia maji katika debe lake, au aliyeengua malai kabla ya kuyapeleka, alilipwa sawa na jirani yake mwaminifu. Mwenye ng'ombe wa maziwa mazito hakupata faida yo yote. Hivyo mwaminifu alipunjwa kila siku, na kutoaminiana kukaenea baina ya wakulima na viwanda.

Mwaka 1890 Babcock alitangaza dawa ya ugonjwa huo. Mililita 17.6 za maziwa hutiwa katika chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa alama, kisha huongezwa asidi kali ya salfa karibu kiasi hicho hicho. Asidi huyeyusha vitu vingine, mafuta yakabaki. Chupa huzungushwa kwa kasi katika mashine, hutiwa maji ya moto, nayo mafuta hupanda shingoni. Anayesoma alama hujua mara moja ni sehemu ngapi katika mia zilizo mafuta. Kazi hiyo haikuhitaji bingwa wa kemia. Karani wa kiwanda aliweza kuifundishwa. Tena mkulima alipata njia ya kumjua ng'ombe wake aliye bora na yule anayekula bure.

Angaliweza kujipatia utajiri mwingi, lakini hakuchukua hati ya kumiliki uvumbuzi wake. Aliutoa kwa watu wote bila malipo.

Wala hakuishia hapo. Alishuku kwamba hesabu za kemia zilizotumika kupimia chakula cha ng'ombe zilipungukiwa na kitu. Kwa shauri lake, kuanzia mwaka 1907 hadi 1911, wenzake walilisha mitamba 16 katika makundi manne: mahindi peke yake, ngano, oti, na mchanganyiko wa hayo matatu. Kwa hesabu vyakula vyote vilikuwa sawa. Hata hivyo waliolishwa mahindi walinawiri, na wale wa ngano walidhoofika, ndama wao wakazaliwa dhaifu au wafu. Mmoja wa wataalamu wale, Elmer McCollum, akishirikiana na Marguerite Davis, aliendelea na utafiti hata ikajulikana, mwaka 1913, habari ya kile kiitwacho leo vitamini A.

Dakta Babcock alifariki Madison mwaka 1931.

Wanachama na viongozi, chama hakivunjwi na umaskini peke yake; huvunjwa upesi zaidi na shaka juu ya mizani. Basi katika miaka ijayo na tuvitunze vipimo vyetu, tuvikague mbele ya wenye mali, na kila mkulima ajue kusoma alama mwenyewe.