Frank Rosenblatt: aliyefundisha mashine kuona, akadaiwa zaidi ya alichopima

Mwezi wa saba mwaka 1958, jeshi la majini la Marekani liliwaita waandishi wa habari huko Washington waje kuona kompyuta ikijifunza. Ilikuwa IBM 704, mashine ya kujaza chumba kizima. Ilipewa kadi moja moja: zingine zilikuwa na alama upande wa kushoto, zingine upande wa kuume. Hakuna aliyekuwa ameiandikia kanuni ya kuzitenganisha. Nyuma ya kadi 50 hivi, ikawa inazitofautisha yenyewe.

Aliyebuni kazi hiyo ni Frank Rosenblatt, kijana aliyebakisha siku chache tu kufikisha miaka 30. Kilichopimwa siku ile kilikuwa kidogo: kushoto ao kuume, basi. Lakini magazeti yaliandika mambo mengine kabisa. Yalisema jeshi linangojea mashine itakayotembea, kusema, kuona, kuandika, kuzaa mashine zingine na hata kujua kwamba yenyewe ipo. Ahadi ni deni, na deni hilo liliandikwa kwa jina la Rosenblatt.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1928 huko New Rochelle, jimbo la New York. Kwenye Chuo Kikuu cha Cornell alisoma saikolojia, akapata udaktari mwaka 1956. Kilichomsumbua hasa ni ubongo: namna gani unajifunza kutambua kitu ambacho macho yamekiona? Alipoingia maabara ya Cornell ya mambo ya ndege, mjini Buffalo, alijibu swali hilo kwa kubuni mashine, akaiita Perseptroni. Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1957.

Kisha wakaijenga kwa vyuma na nyaya. Jicho la ile mashine lilikuwa na seli 400 zinazohisi mwanga, zimepangwa mistari 20 kwa 20. Ndani yake mlikuwa vifungo vya umeme vya kuzungusha, ndugu ya kile kifungo cha redio cha kuongeza ao kupunguza sauti. Mashine ikionyeshwa herufi na kukosea, mota ndogo zilizungusha vifungo hivyo kidogo. Makosa yakahesabiwa, vifungo vikazungushwa tena, mpaka majibu yakawa sawa. Kwa hiyo kosa halikuwa aibu. Kosa ndilo lililokuwa mwalimu.

Rosenblatt alithibitisha pia kwa hesabu kwamba, kama vitu vya aina mbili vinaweza kutenganishwa na mstari mmoja ulionyooka, Perseptroni yake itafika kwenye jibu. Shida ilikuwa pale mstari mmoja haukutosha. Mfano ni taa mbili: mashine iseme ndiyo ikiwa moja tu inawaka, na hapana zikiwaka zote mbili ao zikizimika zote. Hata mtoto anaelewa mchezo huo, lakini Perseptroni ya tabaka moja haiwezi.

Mwaka 1969, Marvin Minsky na Seymour Papert walitoa kitabu kizima cha hesabu kuonyesha mipaka ya namna hiyo. Minsky na Rosenblatt walikuwa wamepita kwenye shule moja ya sekondari huko Bronx. Rosenblatt mwenyewe alikuwa ameshaandika juu ya mashine za matabaka mengi, lakini njia nzuri ya kuyafundisha matabaka hayo ilikuwa haijapatikana. Watafiti wengi wakaiacha kazi hiyo, na pesa zikapungua. Mashine haikuwa imedanganya mtu. Ilishindwa mtihani ambao magazeti yaliutunga.

Katika miaka yake ya mwisho Rosenblatt alishika kipimo kwa mikono miwili. Wakati ule watafiti fulani walidai kwamba panya akifundishwa jambo, maji yaliyotolewa kwenye ubongo wake yakidungwa kwa panya mwingine, huyo wa pili analirithi somo. Rosenblatt aliwafundisha panya, akawadunga wengine, akawapima mara nyingi. Matokeo yalionyesha kwamba madai makubwa ya mwanzo hayakuwa kweli. Kama kuna kitu kilichohama, ni kidogo sana. Alitangaza hivyo, hata kama habari ya namna hiyo haileti waandishi mlangoni.

Tarehe 11 mwezi wa saba mwaka 1971, siku aliyotimiza miaka 43, alikufa kwa ajali ya mashua kwenye ghuba ya Chesapeake.

Miaka ya 1980 njia ya kufundisha matabaka mengi ilienea. Mwaka 2012, kwenye mashindano ya ImageNet, programu zilipewa picha ambazo hazijawahi kuziona, zitaje kilichomo kati ya aina 1000. Kila programu iliruhusiwa kubahatisha mara tano kwa kila picha, kisha makosa yakahesabiwa. Mtandao wa matabaka mengi, wa ukoo wa Perseptroni, ulikosea kwa asilimia 15.3, uliofuata ulikosea kwa asilimia 26.2. Safari hii hakuna aliyehitaji ahadi ya jeshi wala kichwa cha gazeti: kila mtu aliweza kusoma zile namba mbili na kujua nani ameona vizuri zaidi.