Mwana wa Mwalimu Aliyeacha Jina Kwenye Boneti

Mwezi uliopita niliabiri matatu kutoka Kitale hadi Bungoma kumjulia hali mwalimu aliyenifunza hisabati, ambaye sasa ni mstaafu. Nilimkuta ameketi kando ya saluni yake aina ya Giulia, gari la Kiitaliano ambalo wanawe wanataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Injini ilikwama miaka mingi iliyopita, na karo ya mjukuu inadaiwa. Mzee akaniuliza rai yangu. Nilibabaika, nikaishia kumsimulia habari za mwenye jina lililo kwenye nembo.

Nicola Romeo alizaliwa mwaka wa 1876 huko Sant'Antimo, karibu na Naples. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na sina haja ya kuwaeleza walimu wenzangu mshahara wa namna hiyo hufika wapi. Hata hivyo kijana alisomea uhandisi Naples, kisha akaongeza elimu ya umeme mjini Liège, Ubelgiji. Kufikia mwaka wa 1911 alikuwa na kampuni yake ya mitambo ya migodini.

Aghalabu watu hudhani kwamba ndiye aliyebuni magari hayo. La. Kiwanda cha A.L.F.A. kilianzishwa na wengine mjini Milan mwaka wa 1910, na msanifu wake alikuwa Giuseppe Merosi. Romeo alikitwaa mwaka wa 1915, wakati wa vita, akakigeuza kuwa cha kuunda zana za kijeshi. Vita vilipokwisha magari yalirejea, na kufikia mwaka wa 1920 yalibeba jina lake. Merosi hakupata hata herufi moja. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, ingawa yamkini bila Romeo kiwanda kingefungwa.

Kipawa chake kilikuwa kuwatambua wajuzi. Mwaka wa 1923 Vittorio Jano aliletwa kutoka Fiat, akaunda gari la P2 lililotwaa ubingwa wa kwanza wa dunia mwaka wa 1925. Lakini ushindi haukujaza hazina. Romeo aliondoka mwaka wa 1928. Mwaka wa 1933 kiwanda kikaangukia mikononi mwa serikali ya Italia. Alifariki mwaka wa 1938, karibu na Ziwa Como.

Kwa hiyo hakuziona saluni zinazoenziwa leo: ile ya 1900 iliyotoka mwaka wa 1950, Giulietta ya 1955, wala Giulia ya 1962. Hapa Kenya, chama cha wamiliki wa Alfa Romeo kilianzisha mwaka wa 1970 mashindano ya umaridadi wa magari jijini Nairobi, ambapo waamuzi hukagua hata uvungu.

Mzee alinisikiliza kwa utulivu, kisha akanikumbusha kwamba sijamjibu. Basi nikamwambia: auze, lakini si kwa kilo. Kwanza awaite wanafunzi wa ufundi waifungue ile injini ya aluminiamu, waone kemshafti mbili zilivyopangwa juu yake. Kisha atafutwe mpenzi wa magari hayo, naye alipe bei itakayomrudisha mjukuu darasani. Wanawe hawakupendezwa. Wenye mizani wameahidi kurudi mwisho wa mwezi huu.