Tom Mboya na Ujira wa Haki

Kila Hazina ya Serikali inapopungukiwa, shauri la kwanza kutolewa huwa ni kwamba watumishi wake wakae bila nyongeza ya mshahara. Watumishi nao, kwa kinywa cha chama chao, hujibu kwamba bei za sokoni hazikusimamishwa pamoja na mishahara. Nani ana haki? Mwaka 1931 Baba Mtakatifu Pius wa XI, katika barua yake Quadragesimo Anno, alifundisha kwamba anayepima ujira wa haki hana budi kuangalia mambo matatu: riziki ya mfanya kazi na jamaa yake, hali ya kazi anamoajiriwa, na manufaa ya watu wote, wakiwamo wale wasio na kazi. Kuyataja mambo hayo ni rahisi. Kuyashika yote pamoja ni kazi ngumu. Na tuyatazame maisha ya Mkatoliki mmoja wa Kenya aliyejaribu.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, asili yao ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika ziwa Victoria. Baba alikuwa mnyapara wa shamba. Mshahara wake ulikuwa mdogo, lakini alitaka watoto wake wasome. Basi kijana akapelekwa shule ya Misioni ya Kabaa katika Ukambani, halafu Yala katika Nyanza, na mwisho Mang'u kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Hapo fedha zikakoma. Wadogo zake nao walihitaji karo. Ndipo akaacha masomo, akatafuta mafunzo ya kazi yasiyomtwika baba yake mzigo zaidi.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, yule ambaye watu humwita Bwana Afya. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kama sehemu moja tu ya tano ya mshahara wa mkaguzi Mzungu. Siku moja alikuwa peke yake ofisini, akaingia mama wa Kizungu aliyeleta maziwa yapimwe. Mama yule akatazama huku na huku, kisha akauliza kama pale hapana mtu. Mboya hakuisahau siku ile. Alitambua kwamba anayehesabiwa kuwa si mtu hawezi kulipwa kama mtu.

Watumishi Waafrika wa Baraza walikuwa na chama chao, lakini hakikuwa na nguvu ya kujadiliana na wakuu. Mboya alikigeuza kikawa chama kamili cha wafanya kazi, naye mwaka 1953 akawa katibu wake mkuu. Mwaka huo huo akachaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vyote vya wafanya kazi, akiwa na umri wa miaka 23 tu. Ilikuwa Hali ya Hatari, na chama cha siasa cha Waafrika kilikuwa kimepigwa marufuku. Mwezi wa Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakakamata watu kwa maelfu, na viongozi wengi wa vyama wakawekwa kizuizini. Hata hivyo Mboya aliendelea kusema waziwazi, bila kuchochea fujo. Mwaka huo kamati ya Serikali iliyochungua mishahara ya Waafrika ilikiri kwamba kima cha chini kilipimwa kwa mahitaji ya mwanamume asiye na mke wala watoto. Kumbe mafundisho ya Kanisa juu ya riziki ya jamaa yalikuwa na shahidi hata katika karatasi za Serikali.

Mwezi wa Machi 1955 wapagazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alishuka pwani, akaketi na pande zote mbili, akawashawishi wafanya kazi warudi kazini ili madai yao yaamuliwe kwa haki. Hukumu ilipotoka, mshahara uliongezwa karibu theluthi. Tangu hapo watu walijua kwamba neno lake lina uzito kwa wakubwa na kwa wadogo.

Mwaka 1962 mambo yaligeuka: mdai akawa Waziri wa Kazi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Serikali, waajiri na vyama walitia sahihi Mkataba wa Uhusiano Kazini, ambao uliweka njia ya mazungumzo na upatanisho kabla ya mgomo.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1964. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini vijana wengi walikuwa wakizunguka mijini bila kazi. Serikali, ambamo Mboya sasa alishika wizara nyingine, ilipatana na waajiri na vyama: Serikali iongeze watumishi kwa asilimia 15, waajiri wengine asilimia 10, na wafanya kazi wakae mwaka mmoja bila nyongeza na bila migomo. Watu zaidi ya 200,000 wakajiandikisha kutafuta kazi. Nafasi ziliongezeka kwa muda, lakini mara nyingi mtu alipotoka kazini nafasi yake haikujazwa, na wengine wengi wakamiminika mijini kwa matumaini. Mshahara uliosimamishwa huonekana kila mwisho wa mwezi. Nafasi ya kazi iliyoahidiwa yaweza kutoweka pasipo kelele.

Wapo waliosema kwamba Mboya amewasahau wenzake. Sisi twaona vingine. Ujanani alitetea riziki ya jamaa. Alipokuwa Waziri alikabiliana na haki ya asiye na kazi yo yote. Zote mbili ni haki.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, alipigwa risasi akafa. Alikuwa hajatimiza miaka 39. Amezikwa Rusinga.

Mapatano ya mwaka 1964 yatufundisha mengi. Yalifanywa kwa kujadiliana, wala si kwa amri tu. Yalikuwa na mwisho uliojulikana. Na faida yake ilikusudiwa kwa maskini kuliko wote. Kilichopungua ni uaminifu wa kudumu katika ahadi. Basi Serikali inayowaomba mwuguzi na mwalimu wastahimili, kwanza iwaonyeshe hesabu zake, nao wakubwa wapunguze anasa zao. Chama nacho, kinapodai, kimkumbuke kijana aliye nje ya lango. Bila hayo, kusimamisha mishahara ni kumtwika mzigo yule tu asiyeweza kuukataa.

Tumwombee Tom Mboya pumziko la milele, na viongozi wetu moyo wa haki.