Frank Hornby: Mtunza hesabu aliyeipa dunia treni za kuchezea

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

WATOTO wa Sumbawanga hukua bila kusikia honi ya treni. Reli za karibu ziko Mpanda, upande wa kaskazini, na Tunduma, upande wa kusini. Uwanda wa juu wa Ufipa ulio katikati haujapata kupitiwa na garimoshi. Hata hivyo, wazo lililomtajirisha Frank Hornby, mwasisi wa treni za kuchezea zilizovuma Uingereza, si geni kwa watoto hao wanaojiundia magari kwa waya, makopo na kandambili zilizochakaa.

Hornby alizaliwa Liverpool Mei 15, 1863. Hakusomea uhandisi. Alikuwa mtunza hesabu wa mfanyabiashara wa nyama kutoka ng'ambo, na nyumbani aliwakatia wanawe vipande vya bati, akavitoboa matundu yenye nafasi sawa ili viungwe kwa nati, vifunguliwe, kisha viundwe kitu kingine. Mwaka 1901 alipata hataza ya ubunifu huo kwa pauni 5 alizokopeshwa na mwajiri wake, David Elliott. Vifaa hivyo baadaye viliitwa Meccano, na mwaka 1914 vilipata kiwanda kikubwa katika Barabara ya Binns.

Treni zake za kwanza zilitoka mwaka 1920. Zilikuwa za bati, zikiendeshwa kwa springi iliyokazwa kwa ufunguo kama saa. Ubora wake ni kwamba zilifungwa kwa nati, hivyo mtoto aliweza kuzifungua na kuzitengeneza. Udhaifu wake ni kwamba springi ilipolegea treni ilisimama popote ilipofika, na reli zake zenye upana wa milimita 32 zilihitaji nafasi kubwa.

Mwaka 1925 ikaja treni ya umeme. Usumbufu wa ufunguo uliondoka, lakini hatari ikaingia, kwani toleo la awali lilitumia umeme wa nyumbani uliopunguzwa nguvu kwa balbu tu. Baadaye zilitengenezwa za volti chache.

Hornby, aliyekuwa mbunge wa Everton kuanzia 1931 hadi 1935, alifariki dunia Septemba 21, 1936. Hakuiona Dublo ya mwaka 1938, yenye reli za milimita 16.5 zilizotosha mezani. Treni hizo za zinki zilikuwa nzito na imara, ila baadhi ya vyuma vya miaka hiyo, kwa kuchanganyika na risasi, hupasuka na kumomonyoka vyenyewe.

Baada ya vita plastiki ilitamba. Ilikuwa nafuu na ilionyesha umbo la treni kwa usahihi zaidi, lakini ikivunjika ni vigumu kuiunga. Kampuni yake ilinunuliwa na washindani mwaka 1964, na kiwanda cha Barabara ya Binns kikafungwa mwaka 1979. Jina la Hornby lingali linauza treni.

Ufipa ni nchi ambayo mababu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, malungu, na wahunzi wakafua majembe. Mtoto anayepinda waya leo hajakosa kitu ambacho Hornby alikuwa nacho alipoanza, isipokuwa mtu wa kumkopesha pauni 5.