Prezo wa Jicho Moja Aliyekuja Kenya na Winchester: Stori ya Theodore Roosevelt

Ukitoka Nairobi ukishuka Mombasa, ukishapita Athi River unaingia nyanda za Kapiti. Wengi wetu hapo huwa tushalala ama tuko kwa simu. Sasa piga picha hii: ni Aprili 1909, treni ya mkoloni imesimama katikati ya nyasi, na anashuka buda mnene wa miaka 50, masharubu mazito, miwani kwa pua. Anangojwa na mahema, bendera kubwa ya Marekani na wapagazi zaidi ya 200. Wiki chache tu zilizopita alikuwa prezo wa Marekani. Anaitwa Theodore Roosevelt, amekuja kuwinda simba, ndovu na kifaru, na kitu ambacho wengi pale hawajui ni kwamba jicho lake la kushoto karibu halioni kitu.

Swali langu lilikuwa rahisi: mtu haoni vizuri, atalenga aje? Nikaanza kumchimba, na nikapata maisha yake yote unaweza kuyafuata kupitia vitu viwili tu. Bunduki zake, na macho yake.

Alizaliwa New York Oktoba 1858, familia ya pesa. Lakini pesa haikununua pumzi. Alikuwa mtoi wa pumu, usiku anakabwa hadi mzae wake anambeba huku na huku ndani ya nyumba apate hewa. Alipofika kama miaka 13 akapewa bunduki yake ya kwanza. Noma ikaanza hapo. Mabeshte wake walikuwa wanapiga vitu ambavyo yeye hata hakuwa anaviona! Siku moja wakasoma kwa sauti tangazo lililoandikwa kwa herufi kubwa mahali mbali, na yeye hakuona hata kama kuna herufi. Akamwambia mzae, akanunuliwa miwani, na dunia ikafunguka. Miaka yote hiyo alidhani kila mtu anaona ukungu kama yeye. Kama umewahi kuvaa miwani ukiwa form one ukagundua miti ina majani, unajua hiyo feeling.

Aliingia Harvard, akamaliza 1880, akaoa mwaka huo huo, akaingia siasa. Halafu ikafika tarehe 14 Februari 1884. Siku hiyo moja, ndani ya nyumba moja, mama yake akafa, na masaa machache baadaye bibi yake Alice akafa pia. Alice alikuwa amejifungua mtoto msichana siku mbili tu kabla. Msee alikuwa na miaka 25.

Alimwacha mtoto na dadake akaenda Dakota, nchi ya ng'ombe na macowboy, mbali na kila mtu. Macowboy walimcheka wakimuita Macho Manne kwa sababu ya miwani. Na kule ndiko alianza kuwa serious na Winchester.

Hiyo bunduki unaijua, hata kama hujui unaijua. Ni ile ya filamu za macowboy, yenye chuma cha kuvuta chini ya kidole, unaisukuma chini na kuirudisha juu, kracha-kracha, ganda linaruka nje na risasi mpya inaingia. Ni bunduki ya wenzo. Ya Roosevelt ilikuwa Winchester ya mwaka wa 1876, na aliagiza kitako na vilengeo vitengenezwe kulingana na mwili wake na macho yake. Si maringo, ingawa maringo nayo alikuwa nayo (alipigwa picha na hiyo bunduki ndani ya studio New York, amevaa ngozi ya mnyama kama amejipanga kwa shughuli ya harusi).

Kwa nini vilengeo ni muhimu hivyo? Kule Dakota, mnyama wa kila siku alikuwa kulungu wa Marekani, wale wenye pembe za matawi. Kuna wale wa mkia mweupe wanaojificha kwa vichaka kando ya mto Little Missouri, na wale wa masikio makubwa wanaokaa milimani. Wa mkia mweupe anatokea jioni, mwanga umeisha, anasimama sekunde mbili, ameenda. Bunduki ya kawaida ya siku hizo ilikuwa na kilengeo cha nyuma chenye mkato mdogo, karibu na jicho, na cha mbele ni kishanga kwa ncha ya mtutu. Jicho linatakiwa kupanga vitu vitatu: mkato, kishanga, mnyama. Lakini jicho haliwezi kuona vyote vitatu clear kwa wakati mmoja, lazima kitu kimoja kiwe na ukungu. Kwa kijana mwenye macho mazima si ngori. Kwa mtu wa miwani, mkato ukiwa mdogo sana ama kishanga ni cheusi juu ya kichaka cheusi, imeisha hiyo. Ndiyo maana wawindaji wengi walipenda kishanga cheupe cha pembe ama cha rangi ya dhahabu, kinachoshika ule mwanga kidogo wa jioni.

Na usiniambie angeweka darubini juu. Winchester nyingi za wenzo za enzi zile zilirusha ganda juu, hapo hapo darubini ingekaa.

Risasi nazo ni stori. Ile ya 1876 ilikuwa inabeba risasi ya gramu kama 22, nzito na pole pole, ikisukumwa na baruti nyeusi. Ukipiga, moshi unakufunika, hujui kama umepata ama umekosa. Na risasi inaruka kama jiwe umerusha: mbali kidogo inaanza kushuka, kwa hivyo ukikosea kukadiria umbali unapiga vumbi. Halafu kuna hii ya usalama ambayo hata wajanja wengi hawajui. Winchester hizo zilibeba risasi ndani ya bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikigusa makalio ya ile. Na kwa makalio ya risasi ndipo kuna fataki yake. Weka risasi zenye ncha kali humo, bunduki ipigwe mtikiso, ncha inagonga fataki, na bomba linalipuka mkononi mwako. Kwa hivyo pua zilikuwa bapa. Salama, lakini pua bapa inapambana na hewa, inachoka haraka.

Katikati ya miaka ya 1890 ikaja baruti isiyo na moshi, na Winchester ya 1894 yenye risasi ndogo ya .30-30. Ilikuwa nyepesi, ya kasi, na inaenda moja kwa moja zaidi. Wazee wa risasi kubwa walicheka. Roosevelt alibeba moja akawinda nayo swara wa nyanda za Marekani, na akakubali kwamba hako kadude kanafanya kazi. Risasi ile ilikuwa na pua laini ya risasi tupu isiyofunikwa na chuma, ikiingia mwilini inafunguka kama ua. Mpaka leo ni kati ya risasi ambazo Wamarekani wengi huanza nazo kuwinda kulungu.

Siasa nitapita haraka, hiyo mko nayo kwa vitabu. Vita ya Cuba 1898, akaenda na miwani ya akiba kibao. Septemba 1901 prezo McKinley akafa baada ya kupigwa risasi, na Roosevelt akawa prezo akiwa na miaka 42. Mwaka uliofuata, kule Mississippi, akakataa kupiga dubu aliyekuwa amefungwa kwa mti, na kutokana na hiyo stori ndio mwanasesere wa teddy akapata jina lake. Akiwa ikulu alikuwa anapenda ndondi na maafisa vijana. Mmoja akamtandika ngumi ya jicho la kushoto, mishipa ikaharibika, na taratibu jicho likaenda. Alifunika hiyo stori miaka, ikiwemo jina la kijana, ili asije akalaumiwa.

Kwa hivyo 1908, akijipanga kuja huku kwetu, vilengeo vilikuwa maisha na kifo. Aliagiza Winchester za mwaka wa 1895, zenye risasi ya .405. Hii ni ya wenzo pia, lakini aliyeichora, John Browning, aliondoa lile bomba akaweka sanduku la risasi mbele ya kifyatulio, risasi zikilala moja juu ya nyingine. Sasa pua inaweza kuwa ya umbo lolote. Risasi yake ilikuwa na gramu 19, ikitoka kwa karibu mita 670 kwa sekunde. Roosevelt aliwatumia kiwanda bunduki yake ya zamani waige vilengeo vyake hivyo hivyo. Bunduki zikaja na vilengeo vingine kabisa! Aliwaandikia barua ya moto, prezo mzima wa Marekani analalamikia kidude cha kulengea, na walirekebisha. Mimi namwelewa. Simba akikukimbilia hutakuwa na time ya kuzoea kitu kigeni.

Alifika Mombasa Aprili 21, 1909, na mwanawe Kermit na wanasayansi watatu wa Smithsonian. Alipanda treni akikaa kwa kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini. Wapagazi walimuita Bwana Mkubwa, na Kermit wakamuita Bwana Maridadi, so unaona mambo ya kuchambua nguo za watu hatukuanza juzi.

Alikuwa na bunduki tatu kuu. Springfield ya risasi ndogo kwa swara wa mbali. Winchester ya .405 kwa simba, na aliisifu kama dawa ya simba. Na Holland ya mitutu miwili kutoka Uingereza kwa ndovu na kifaru. Hapa chaguo la risasi lilikuwa la aina mbili tu: pua laini ama iliyofunikwa chuma chote. Simba ana ngozi nyembamba, unampiga ya pua laini ifunguke ndani. Ndovu ukimpiga hiyo itapasukia juu juu, umemkasirisha tu, kwa hivyo lazima ya chuma inayopenya mfupa. Aliyekuwa anakumbuka hayo yote kwa sekunde ile ya kufa na kupona alikuwa mbeba bunduki. Kassitura kutoka Busoga na Juma Yohari, Mswahili, walisimama hatua chache nyuma ya wazungu hao, mkononi bunduki ya pili tayari, bila ruhusa ya kukimbia. Majina yao yako ndani ya kitabu chake, lakini sanamu hakuna mahali.

Na mwenyewe alikiri hakuwa mlengaji wa maana. Alikosa sana, akajeruhi wanyama akawafuata. Simba wake wa kwanza pale karibu na Kitanga, upande wa Machakos, walikuwa watoto waliokua nusu. Kufikia mwisho, yeye na Kermit walikuwa wamepiga wanyama wakubwa 512. Alisema ni ya makumbusho, na kweli mingi ilienda Washington ikiwa na chumvi kwa ngozi. Lakini kati yao kulikuwa na vifaru weupe tisa wa kaskazini, waliopigwa Lado, leo ni Uganda. Wa aina hiyo waliobaki dunia nzima ni majike wawili, Najin na Fatu, pale Ol Pejeta. Ukweli ni kwamba ujangili wa baadaye ndio uliwamaliza, si yeye. Bado hiyo hesabu inanikwama kooni.

Oktoba 14, 1912, akitafuta kura Milwaukee, mtu alimpiga risasi ya bastola kifuani kutoka karibu sana. Ilipita kwanza ndani ya hotuba yake ya kurasa 50 iliyokunjwa mfukoni, halafu kwa kikasha cha chuma cha miwani, ikaishiwa nguvu kwa mbavu. Mwindaji akakohoa mkononi, akaangalia kama kuna damu, hakuona, akajua mapafu ni mazima. Akapanda jukwaani na shati lenye damu akahutubia zaidi ya saa nzima. Madaktari waliamua kuitoa ni hatari kuliko kuiacha. Alizikwa nayo Januari 1919, kule Oyster Bay, akiwa na miaka 60.